Kununua saa: Mnunuzi ana haki ya kuiona, kuishika na kuivaa

Ijumaa hii tumeona tuligusie jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni ununuzi wa saa ya mkononi. Katika maduka yaliyo jirani na Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, saa hupangwa ndani ya makabati ya kioo, na mnunuzi husimama upande wa pili akinyoosha kidole. Wapo wauzaji wanaofungua kabati papo hapo, wakaitoa saa na kumpa mteja aivae. Wapo pia wanaomtazama mtu miguuni kwanza. Akiwa na kandambili zilizoshika udongo wa njia ya Kinole au Mkuyuni, huulizwa kama fedha anayo kabla ya ufunguo kutolewa mfukoni. Na katika miaka ya karibuni limeongezeka soko jingine, la simu ya mkononi, ambamo mtu huiona picha, hutuma fedha Kariakoo, na kesho yake huenda kituo cha mabasi cha Msamvu kupokea kifurushi.

Msimamo wetu tunautaja mapema ili msomaji asihangaike kuutafuta. Saa ya kuvaa mkononi ivaliwe kabla ya kulipiwa. Kuivaa si hisani anayoifanya mwenye duka, bali ni sehemu ya mauziano yenyewe. Mzazi aliyeteremka mlimani na fedha za ndizi na mdalasini ili amnunulie kijana wake saa ana haki hiyo sawasawa na ofisa aliyeshuka kwenye gari.

Msingi wa jambo hili unafahamika. Aya ya 29 ya Suratun-Nisaa imekataza watu kuliana mali kwa njia za batili, ikavua biashara inayofanywa kwa kuridhiana. Na mtu huridhia vipi kitu asichokijua? Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) alizikataza aina mbili za mauzo walizokuwa nazo Waarabu wa zamani, kama ilivyopokewa kwa Abu Said al-Khudri katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Ya kwanza ni ile ambayo mnunuzi aliigusa tu nguo kwa mkono bila kuikunjua, na kugusa huko kukawa ndiyo mauziano yamekwisha. Ya pili, kila mmoja alimrushia mwenzake nguo, na biashara ikawa imefungwa pasi na kutazama wala kuridhiana. Msomaji anayezijua duka zetu atatabasamu hapa, kwani kibao kisemacho kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, kikiwekwa juu ya kabati lisilofunguliwa, hakiko mbali sana na mauzo yale.

Ipo pia habari aliyoisimulia Abu Huraira, ambayo watoto wa madrasa huifundishwa mapema. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kwamba ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini asiuweke unyevu ule juu watu wauone, kisha akaambiwa kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja nasi. Aghalabu habari hii hutumiwa kumwonya muuzaji, na ni sawa. Lakini tuutazame na mkono ule ulioingia ndani ya lundo. Haukutosheka na kilichokuwa juu. Mnunuzi anayeitoa saa katika boksi lake, akaigeuza na kuitazama mgongoni, hafanyi ujeuri wala hamdhanii mtu vibaya.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanayafuata, walilipanga jambo hili kwa uangalifu. Katika kauli yenye nguvu kwao, kuuza kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Imam Abu Hanifa yeye alikubali, lakini akampa mnunuzi hiari ya kukataa atakapokiona. Kwa njia zote mbili macho ya mnunuzi yamehifadhiwa. Baada ya hapo, kwa mujibu wa hadithi ya Hakim bin Hizam, wauziani wana hiari ya kuvunja maadamu hawajaachana pale walipouziana. Vilevile inajuzu kuwekeana sharti la hiari kwa muda usiozidi siku tatu. Na ikidhihiri kasoro iliyokuwamo kabla ya mauzo, mnunuzi ana haki ya kukirudisha kitu. Kibao cha ukutani hakiifuti haki hiyo. Ila mwenye kuigundua kasoro na airudishe saa bila kuchelewa, kwa sababu kuendelea kuivaa wiki nzima huhesabiwa kuwa ameridhia.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na inampa mnunuzi ambaye hakupata kukikagua kitu nafasi ya kukikagua kabla ya kuhesabiwa kuwa amekipokea. Kuna kipengele kingine watu hawakijui: mnunuzi akishaikagua bidhaa, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Kwa maneno mengine, ukiivaa saa dukani, ukauona mkwaruzo wa kioo na ukalipa, mkwaruzo huo ni wako. Hivyo ukaguzi ni haki yenye mzigo ndani yake, na hauwi ukaguzi ukifanywa kwa haraka huku mwenye duka akigonga kabati kwa funguo.

Basi mtu akishapewa saa mkononi, atazame nini?

Tuanze na lile ambalo wauzaji hawalitaji. Mwislamu anayeswali sala tano hutia udhu mara kadhaa kwa siku, na maji ni lazima yafike katika ngozi yote ya mkono hadi kwenye kisugudi, pamoja na pale panapofunikwa na mkanda wa saa. Mkanda uliobana kiasi cha kutoiruhusu saa kusogea utamlazimu mtu kuivua kila mara, na saa inayovuliwa kila mara ndiyo inayosahauliwa kwenye ukingo wa birika la msikiti. Kwa hiyo ukiwa dukani, funga bizimu mahali utakapoifunga kila siku, kisha isukume saa juu na chini ya kifundo cha mkono. Isogee upana wa vidole viwili bila kukwaruza, lakini isizunguke na kugeukia chini. Ukiiona inazunguka yenyewe, ama kichwa ni kizito kwa mkono wako, ama mkanda umezidi. Mikanda ya chuma hupunguzwa kwa kutolewa pingili, kazi ambayo fundi saa wa barazani huifanya kwa dakika chache. Mwulize muuzaji kama gharama hiyo imo katika bei. Mkanda wa ngozi katika joto la Morogoro hulowa jasho, na ukichanganyika na maji ya udhu kila siku huoza na kunuka mapema. Kwa mtu wa udhu, plastiki au chuma ni nafuu zaidi, hata kama ngozi inapendeza machoni.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Saa nyingi zina maandishi ya Kiingereza mgongoni yanayosema kwamba zinahimili maji, pamoja na namba kama 30M au 3 BAR. Watu hudhani kwamba saa hiyo inaweza kuzamishwa meta 30. Sivyo. Namba hiyo ni kipimo cha kanieneo kilichochukuliwa saa ikiwa imetulia. Katika matumizi maana yake ni kwamba itastahimili matone, kunawa na mvua ya rasharasha. Mwenye kuoga mtoni au kuogelea atafute yenye 100M. Pasipo namba yoyote, chukulia kwamba maji ni adui yake. Na kwa saa yoyote ile, hakikisha kwamba kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia majira kimerudishwa ndani kabla ya kutia udhu, maana hapo ndipo maji hupenya kwa wepesi.

Kitufe hicho kikaguliwe dukani. Kivute, uzungushe mishale mzunguko mzima, uone kama mishale inagusana au kukwama mahali. Kama saa ina tarehe, ipitishe saa sita ya usiku uone tarehe ikibadilika. Kisha kirudishe, usubiri dakika mbili kamili ukilinganisha na simu yako. Saa ya betri mshale wake wa sekunde huruka mara moja kila sekunde. Ya kujifunga yenyewe kwa mwendo wa mkono mshale wake huteleza. Ndiyo sababu saa yenye jina la Rolex ambayo mshale wake unaruka tiki, tiki, na inayouzwa kwa bei ya kilo kumi za mchele, haihitaji mtaalamu wa kuitolea hukumu. Majina ya Casio na Seiko nayo yameghushiwa sana. Hatusemi kwamba saa ya bei ndogo ni haramu. Mtu akikuuzia saa isiyo na jina kwa bei yake na akasema hivyo, amefanya biashara halali. Dhuluma iko katika jina. Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia nchini, na risiti yenye jina la bidhaa ndiyo silaha ya mlalamikaji.

Sasa tufike kwenye saa zinazopendwa zaidi na familia zetu, zile za adhana na kibla. Zipo za ukutani, na zipo za mkononi, kama vile zile za Casio zilizotengenezwa kwa ajili ya Waislamu. Hizi ndizo zisizofaa kabisa kununuliwa kwa picha, na kwa mtu wa Morogoro sababu yake ni ya kijiografia.

Saa ya namna hii huuliza mji. Muuzaji, na hasa yule aliyeileta kutoka Kariakoo, huwa ameiweka Dar es Salaam, na pengine orodha yake haina mji mwingine wa karibu. Dar es Salaam iko katika longitudo ya nyuzi 39 na dakika 17 mashariki, Morogoro nyuzi 37 na dakika 40. Latitudo zake zinakaribia kuwa moja. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa kila dakika nne, kwa hiyo jua huzama Morogoro dakika sita na nusu hivi baada ya kuzama Dar es Salaam. Mwenye kufuturu kwa saa ya Dar es Salaam akiwa Kihonda au Mkuyuni amekula jua likiwa bado halijazama. Kwa upande wa daku hakuna hasara, kwani atakuwa amejizuia mapema, lakini akisimama kuswali Alfajiri saa ile ile inapolia, ameswali kabla ya wakati. Kwa hiyo uliza dukani: saa hii inakubali kuingiziwa longitudo na latitudo? Kama haikubali, inakubali kuongezewa dakika? Mwambie muuzaji aifanye mbele yako. Akishindwa yeye, wewe nyumbani utashindwa zaidi.

Kwa ndugu zetu wa mlimani jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa wa mjini. Safu ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu kinapita meta 2,600, imekaa kama ukuta kati ya mashariki na magharibi. Mtu wa Kinole au Tegetero, upande wa mashariki, huliona jua likijificha nyuma ya mlima mapema, wakati bado halijazama katika upeo wa kweli. Kivuli kile si Magharibi. Mjini nako, kwenye miguu ya mlima upande wa kaskazini magharibi, hutokea kinyume chake: asubuhi jua huchelewa kuonekana, na mtu akadhani wakati wa Alfajiri bado upo ilhali umekwisha kutoka. Katika tambarare za pwani macho yalitosha. Hapa saa inabeba amana, na saa isiyojaribiwa huibeba vibaya.

Kibla nacho hujaribiwa kwa urahisi. Kutoka Morogoro, Makka iko karibu kaskazini kabisa, ikielekea mashariki kwa nyuzi nne hivi. Kwa aliye mjini, akielekea kibla, Uluguru iko nyuma yake. Sindano ya saa ikimgeuza hadi akautazama mlima wa Lupanga, kuna tatizo. Ila jaribio hili lisifanyike ndani ya duka, kwa kuwa makabati, nondo na spika za redio huivuta sindano. Mwombe muuzaji mtoke naye barazani.

Kutoka naye, tumesema. Mnunuzi asitoke na saa peke yake. Wanazuoni wa Shafii wamesema kwamba aliyekishika kitu kwa ajili ya kukinunua anakibeba katika dhamana yake. Ikimponyoka na kioo kikavunjika, atalipa, japo hakukusudia na hata kama mauziano hayajafungwa. Kwa hiyo vaa saa ukiwa juu ya kabati, usimpe mtoto aichezee, na vua pete yenye ncha kabla ya kugusa kioo. Muuzaji anayesitasita kufungua kabati mara nyingi amekwisha kuumizwa na wateja wa namna hiyo, na tusimlaumu kupita kiasi.

Kuna na tabia nyingine iliyoingia: mtu huingia dukani, hujaribu saa tano, humchosha mwenye duka nusu saa, ilhali amekwisha kuamua kuinunua kwenye simu kwa bei pungufu. Kuingia dukani na kutoka bila kununua si dhambi. Hiari ni hiari. Lakini kumtumia mtu kodi ya pango lake, umeme wake na subira yake, huku nia ya kununua kwake haipo kabisa, sisi tunaona ni utovu wa murua. Angalau mtu amwulize kama anaweza kuifikia bei ile. Wengi hupunguza.

Kuhusu dhahabu, wanaume wasisubiri kufika nyumbani ndipo waulize. Dhahabu halisi ni haramu kwa wanaume kuvaa, na saa haitofautiani na pete. Rangi ya dhahabu tu, isiyo na dhahabu ndani yake, haina hukumu hiyo. Utata uko katika saa zilizochovywa, ambazo wanazuoni wameziangalia kwa kiasi cha dhahabu iliyomo. Muuzaji wa saa za bei ya kawaida atakwambia ni rangi, na aghalabu husema kweli. Kwa zile ghali, isome hati yake. Kwa wanawake mlango huo uko wazi, ila liko jambo la stara. Fundi au muuzaji wa kiume asimfungie bizimu mama au binti wa watu. Ajifungie mwenyewe, au afungiwe na mumewe, nduguye au muuzaji wa kike. Mwenye duka mwenye busara huweka kiti na kioo cha kujitazamia pembeni, mbali na mlango, na wateja wa aina hiyo hurudi.

Je, aliye Matombo, ambaye nauli ya kuja mjini inakula nusu ya bei ya saa, au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro ambaye ameiona saa kwenye simu na haipo mjini hapa? Hatuwezi kusema asinunue. Njia ya kwanza ni uwakala. Mwenye ndugu Kariakoo amwakilishe akaione na kuilipia huko; kuona kwa wakala katika ununuzi alioagizwa kunatosha. Kwa kuwa mkono wa wakala si mkono wako, zungusha uzi kwenye kifundo chako, ukate pale ncha zinapokutana, umpelekee uzi huo. Hiyo ni bora kuliko namba za milimita ambazo wauzaji huzitaja bila kupima. Kwa mwenye uwezo, treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 imeifanya safari ya kwenda na kurudi kuwa ya siku moja.

Njia ya pili ni kuafikiana na muuzaji kwamba simu ni mazungumzo tu, na mauziano yatafungwa Msamvu kifurushi kikifunguliwa mbele ya mjumbe wake, mnunuzi akaivaa saa na kulipa papo hapo. Wauzaji wengine hukubali, hasa wakilipwa nauli ya kifurushi mapema. Asiyekubali hata hilo, na asiyetaka kutuma picha ya mgongo wa saa, amekwisha kujieleza.

Na kwa anayenunua zawadi, kama bwana harusi anayemtafutia mchumba saa au baba anayemtunza mwanawe aliyehitimu, mkono utakaovaa haupo dukani. Hapo ndipo lile sharti la siku tatu linapofaa. Liseme kabla ya kulipa, muuzaji akubali kwa kinywa chake, na liandikwe nyuma ya risiti pamoja na tarehe: kwamba saa ikirudi ndani ya siku tatu haijakwaruzwa na plastiki yake ikiwa mgongoni, itabadilishwa au fedha itarudishwa. Plastiki ile watu wengi huing'oa gari likiwa bado Msamvu. Iacheni hadi mwenye zawadi aivae.